Watu Arobaini na Mmoja kwenye Meza ya Heshima

Siku hizi watu wananilipa nisome programu zilizoandikwa na wengine na niwaambie ni wapi zitawaaibisha. Ni kazi ya kukaa na kukasirika, na vyote viwili navimudu vizuri. Kabla ya kuangalia kitu kingine chochote, natafuta jambo moja tu: mgeni akileta kitu ambacho hakuombwa, je, programu inakipokea? Wenzangu kazini wananicheka, wanasema nina ugonjwa wa milango. Wanadhani niliupata shuleni. Niliupata kwenye harusi ya mdogo wangu, ndani ya ukumbi mmoja wa Naviundu, Lubumbashi, mbele ya koo mbili zilizovaa vizuri.

Wakati ule nilikuwa na duka la fotokopi kule Ruashi. Nilitoa nakala za vyeti, nilichapa barua za watu wanaoomba kazi mgodini, nilichaji simu. Programu nilijifundisha mwenyewe, kwenye kompyuta ya mitumba iliyokosa kitufe cha herufi G, na kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Mtu aliyejifundisha peke yake ana ubaya huo: hana mwalimu wa kumwambia hajui.

Niseme kwanza nilichokuwa nakitaka, kwa sababu hasira zote zilizofuata zilitoka hapo. Nilitaka mama yangu akae kwenye meza ya heshima.

Baba alikufa mdogo wangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama alitulea kwa kuuza kapenta, dagaa wa kukausha, na chumvi sokoni, na mikono yake mpaka leo ina harufu ya samaki mkavu ambayo mimi siisikii tena. Ndugu za baba walikuja kwenye kilio, wakala, wakaondoka na redio. Baada ya hapo tulikuwa tunawaona kwenye vilio vingine tu. Lakini mdogo wangu alipopata mchumba, kijana wa familia ya wafanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, watu wenye malori yao wenyewe, ghafla ndugu za baba wakakumbuka njia ya nyumbani kwetu. Wa kwanza kufika alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, na mkoba wake mwekundu.

Kwetu Lubumbashi ndoa inaweza kufungwa kanisani, lakini harusi inapiganiwa kwenye viti. Meza ya heshima inakaa mbele, ina viti vinane, kitambaa cheupe, maua, na maji ya chupa wakati wengine wanakunywa ya mfuko. Halafu kuna keki. Maharusi wakishaikata, mshehereshaji anaita kwa sauti: mama wa bibi harusi! Mama anasimama, na mtoto wake anamlisha kipande mbele ya watu wote. Ni dakika moja tu. Lakini nimeona wanawake wakiieleza dakika hiyo miaka kumi baadaye, pamoja na rangi ya viatu walivyovaa.

Kwenye kikao cha komite ya harusi, shangazi alisimama akasema yake.

"Mutoto ni wa baba. Baba haiko, njo dada yake iko. Mama yake atakaa na bamama benzake ba ku soko."

Mama alikuwa pale pale, kwenye kiti cha plastiki, anamenya karanga. Nilijibu mimi, na nilijibu kwa sauti ambayo haifai mbele ya wakubwa. Nilisema hakuna mtu atakayegawa viti kwa mdomo. Viti vitagawiwa na programu. Kila mgeni atatumiwa kiungo kwenye simu, atajaza jina lake, kompyuta itampa meza. Kompyuta haina ukoo.

Mjomba wa bwana harusi, mzee mwenye malori, alitikisa kichwa kwa heshima. "Ni muzuri," alisema. "Hata kwetu ku depo, ordinatere njo inapangaka bintu."

Ukweli ni kwamba kompyuta yangu ilikuwa na ukoo, tena ukoo wangu. Usiku haujaingia nilikuwa nimeshaandika kwenye mstari wa kwanza kabisa: mama, meza ya kwanza. Nilikuwa mwizi kabla wezi hawajafika, na nilijisikia mtakatifu.

Sasa nieleze kosa langu, na nitalieleza kwa lugha ya jikoni. Programu ni jiko lenye makopo, na kila kopo limeandikwa jina lake. Wenye kazi hii wanayaita variables, lakini ni makopo. Kopo moja limeandikwa JINA, jingine WATU, jingine CHEO, jingine MEZA. Kilichomo ndani ya kopo ndicho programu itakachopikia. Makopo ya jina, idadi ya watu na cheo ni ya mgeni kujaza. Kopo la meza ni la mwenye jiko, mgeni hana haja nalo. Programu nzuri inasimama mlangoni na kupokea kimoja kimoja: jina, lete, watu, lete, cheo, lete, hicho kingine, rudi nacho. Ni kazi ndefu ya kuandika. Na mimi nilikuwa nimesoma mahali fulani njia ya mkato ya mstari mmoja: chochote anacholeta mgeni, kwa jina lolote, kimimine kwenye kopo lenye jina hilo. Kama kopo lina kitu, mwaga, weka cha mgeni.

Mstari mmoja! Nilijipongeza kwa bukari, ugali wetu, na nyama ya mbuzi.

Nikijitetea, nitasema pia ni malezi. Kwetu mgeni haulizwi umebeba nini. Unamwambia karibu, ingia, weka hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pengine mtu aliyelelewa na watu wenye roho ngumu angeiandika programu ile vizuri tangu mwanzo. Mimi nililelewa na mama anayempikia hata mtu aliyekuja kuuliza njia, na niliandika programu inayofanana naye.

Nilituma viungo siku ya Jumanne, kila mtu na chake. Kufikia saa sita mchana majibu yalikuwa yanaingia, na mimi nilikaa dukani nikiyaangalia huku nimewaacha wateja wanasubiri fotokopi zao. Jina fulani, watu wawili, meza ya kumi na moja. Jina fulani, watu watano, aibu hana, meza ya tisa. Kila aliyejibu aliona ukurasa wa kumshukuru na kumtajia meza yake. Na juu ya ukurasa ule, kwenye anwani, kulikuwa na mkia mrefu uliorudia yote: jina, watu, cheo, meza. Niliuacha uonekane kwa uvivu. Nilisema, nani anasoma mkia wa anwani?

Siku ya Jumatano meza ya kwanza ilikuwa na watu kumi na tisa.

Nikadhani ni hitilafu. Nikawarudisha wote kwenye meza zao, nikafunga kompyuta, nikafungua. Saa nane walikuwa ishirini na sita. Nikawarudisha tena. Nikaanza kuitukana ile kompyuta kwa Kifaransa, maana matusi ya Kifaransa hayahesabiwi kanisani. Ndipo mjomba wangu, kaka wa mama, akaingia dukani kutoa nakala ya kitambulisho, ametulia kabisa. Nilimwona kwenye orodha. Alikuwa mmoja wa wale ishirini na sita.

"Mujomba, nani amekuweka ku meza ya kwanza?"

"Miye mwenyewe." Hakuona ajabu yoyote. Alitoa simu yake na kunionyesha kwa kidole chenye kucha ndefu. "Iko namba ku mukia. Ilisema meza onze, kumi na moja. Miye, mujomba wa bibi arusi, nikae ku onze? Nikafuta, nikaandika moja. Ikasema aksanti papa, uko ku meza moja."

"Nani alikuambia unaweza kuibadilisha?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Na nani aliniambia siwezi?"

Nimewahi baadaye kukaa kwenye mafunzo ya siku tatu yenye chai na biskuti, na mtaalamu aliyevaa tai hakusema neno lililozidi hilo. Ndiyo hatari yote, imefungwa kwenye swali moja la mzee. Programu isiyosema hapana imeshasema ndiyo.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Bote. Kintu ya muzuri, unafichaka?"

Nchi hii ina kifungu cha sheria ambacho hakijaandikwa popote lakini kila mtoto anakijua: kifungu cha kumi na tano, jitegemee. Nilikuwa nimewapa watu wa kifungu cha kumi na tano kopo lisilo na mfuniko. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesomea kompyuta. Hakuna aliyevunja kitu. Waliona namba, wakaibadilisha, na programu ikawashukuru.

Halafu wazee waliopangiwa kuhutubia wakagundua kwamba kwenye mikia yao kuna kopo jingine, limeandikwa ZAMU. Mjomba alikuwa wa tatu, akajifanya wa kwanza. Yule mzee wa malori alipoona kwamba moja imeshachukuliwa, akaandika sifuri, na programu, kwa adabu zake zote, ikampanga mbele ya moja. Nikasema basi, hapo wamefika mwisho wa namba. Kesho yake asubuhi baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba, mchimbaji mstaafu, alikuwa mbele ya sifuri. Alikuwa ameandika kutoa moja.

Nilimpigia simu. Nilitaka kujua tu, nani alimfundisha.

"Ku mugodi," alisema. "Zero iko mulango. Wenye kushuka chini ni moins un, moins deux. Miye nilishukaka miaka mingi. Nimuache muntu wa malori aingie mbele yangu?"

Haya yote ningeyacheka. Lakini nilipoipitia meza ya kwanza jina kwa jina, mjomba, baba mdogo, mzee wa malori na wake zake wawili, ingawa ana ndoa moja, maana mmoja alikuwa dada yake aliyejiandikia cheo vibaya, jirani mwenye kinu, mwalimu wa kwaya, sikuliona jina la mama. Mama yangu, niliyemwandika mimi mwenyewe kwenye mstari wa kwanza, alikuwa kwenye meza ya kumi na nne. Meza ya kumi na nne ilikuwa ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni, pale wahudumu wanapopita na masufuria na kusema samahani, samahani.

Nilimrudisha. Jioni ile ile alikuwa ameondoka tena. Nikafungua kumbukumbu za programu, zile zinazoandika kila kiungo na saa kilipotumika. Kiungo kilichomhamisha kilikuwa cha mama mwenyewe. Na mama, nilijua mimi, simu anaitumia kupiga, kupokea na kuangalia saa. Kwa hiyo mtu ameiba kiungo chake. Na mtu gani ana haja ya kumtoa mama kwenye meza ya heshima? Sikuhitaji kufikiri. Niliuona mkoba mwekundu mbele ya macho yangu.

Nilifunga duka, nikapanda pikipiki mpaka nyumbani kwa shangazi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika, alikuwa anasonga bukari, na kabla sijafungua mdomo aliniwekea sahani. Mtu hawezi kumgombeza shangazi yake akiwa ametafuna. Nilimeza haraka haraka nikasema.

"Shangazi, umemutoa Mama ku meza ya kwanza."

"Miye?" Aliweka mwiko chini. "Mutoto weye, mambo nilifanya nitasema. Nilijiandika ku meza moja. Ndiyo. Nilijiandika na cheo. Ndiyo."

"Umeandika Mama wa Bibi Harusi!"

"Dada ya baba iko baba mwanamuke. Baba mwanamuke na mama, tofauti iko wapi?" Alinyanyua mwiko tena na kuuelekeza kwenye kifua changu. "Lakini nilijiongeza. Kujiongeza haiko kuondoa muntu. Mama yako sikumugusa."

Sikumwamini. Nilimaliza bukari yake, maana chakula hakina kosa, nikarudi dukani nikiwa na hasira na shibe. Pale nikaongeza ulinzi. Nilirudi kwenye ule mstari wangu wa juu na kuuandika upya kwa herufi kubwa, kana kwamba kompyuta inaogopa herufi kubwa: MAMA, MEZA YA KWANZA. Mstari uliofuata, wa pili, ulikuwa ule ule wa kumimina kila kinacholetwa. Leo naona aibu kuueleza ujinga huu. Nilikuwa nimemkalisha mama mezani vizuri, halafu nikafungua mlango na kuwaambia wote wanaoingia: mkimkuta mtu kwenye kiti, mwondoeni. Ulinzi unaokaa mbele ya mlango wazi, badala ya nyuma yake, haulindi chochote. Asubuhi ya Ijumaa mama alikuwa kwenye meza ya kumi na nne, mara ya tatu, kwa kiungo chake mwenyewe.

Nilimwendea sokoni. Sikumwambia yote, sikutaka ajue kwamba kuna mtu anamdhalilisha. Nilisema tu: "Mama, kesho usikubali muntu akuambie ukae nyuma. Kiti yako iko mbele."

"Sawa," alisema Mama, akapima kapenta kwa kikombe. Hakunitazama. Nilidhani ana machozi.

Jumamosi, saa saba mchana, vijana wa protokoli walisimama mlangoni mwa ukumbi na orodha yangu kwenye simu zao. Hawa ni watu ambao kazi yao ni kutii orodha. Orodha ilisema watu arobaini na mmoja wanakaa meza ya heshima, na meza ya heshima ilikuwa na viti vinane. Kwanza wakaunganisha meza mbili. Halafu nne. Kitambaa cheupe kikaisha, wakaongeza kitambaa cha bluu, halafu pazia. Meza ya heshima ikatoka mbele, ikapinda kona, ikafuata ukuta mpaka kwenye spika, ikazunguka spika, ikaendelea. Mwalimu wa kwaya aliketi kwenye heshima akiwa ameupa mgongo ukumbi mzima. Mjomba alikuwa nyuma ya nguzo, kifua mbele. "Niko ku meza moja," alimwambia kila aliyepita, na aliyepita alimjibu, "Na miye."

Hotuba zilianza na kutoa moja. Baba mdogo alieleza maisha ya chini ya ardhi kwa muda uliotosha wali kupoa. Sifuri akafuata, na kwa kuwa alikuwa amekasirika kutanguliwa, alizidisha. Moja alipofika kwenye maikrofoni, betri ya maikrofoni ilikuwa imekufa, akahutubia kwa mikono.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta mama. Nilipita urefu wote wa ile meza, uso kwa uso, nikamkuta shangazi na mkoba wake na chupa ya maji, nikamkazia macho, yeye akanikazia pia. Nikaenda mpaka nyuma. Mama alikuwa pale, meza ya kumi na nne, kitambaa chake kipya kichwani, amekaa katikati ya wanawake saba wa sokoni. Wanacheka mpaka mmoja ameshika mbavu. Mhudumu alipita na sufuria, samahani, samahani, na Mama, bila kugeuka, akanyanyua kifuniko na kuchungulia.

"Mama, simama. Kiti yako iko mbele."

"Kule haiko kiti. Kule kuko foleni."

"Nitamutoa muntu. Nitamutoa Shangazi. Anakuibia link yako, anakutupa huku ku mulango wa jiko..."

"Nani anaiba?" Mama aliacha kucheka. Akaingiza mkono kifuani, akatoa simu niliyomnunulia. "Miye niliona bote banabadilisha ile namba ku mukia. Na miye nikabadilisha yangu. Weye unanirudisha, miye natoka. Unanirudisha, natoka. Nikasema huyu mutoto iko na kichwa nguvu sawa baba yake."

Wale wanawake saba wakaangua kicheko kingine. Nilisimama pale nikiwa na maneno yangu yote ya vita na sina wa kumpiga nayo. Kwenye harusi nzima, watu kwa makumi walikuwa wamejipandisha. Mmoja tu alikuwa amejishusha, tena mara tatu, na ndiye niliyemdhania hajui kutumia simu.

"Juu ya nini, Mama?"

Aliwatazama wenzake, mmoja baada ya mwingine.

"Siku ya kilio ya baba yako, nani alilala na miye chini? Ni aba. Miye nikienda kutafuta kapenta, ule bibi arusi alibakia ku mugongo ya nani? Ya aba bote, kwa zamu. Sasa nikae kule mbele peke yangu sawa picha, bo bakae huku? Nani alibaweka huku?"

Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, kwa sababu swali hilo lilikuwa na jibu. Aliyewaweka si shangazi. Si mtu yeyote aliyechezea mkia wa anwani. Niliwaweka mimi. Ndani ya programu yangu kulikuwa na kanuni moja niliyoiandika bila hata kufikiri: asiye na cheo, meza ya mwisho. Wanawake wale walikuwa wamejaza jina, wakajaza watu, na kwenye kopo la cheo wakaacha wazi, kwa kuwa hawakujua waandike nini. Nilipigana wiki nzima na shangazi kwa kusema maneno ambayo programu yangu nayo ilikuwa ikiyasema. Bamama ba ku soko, nyuma.

Mshehereshaji alikuwa ameshapata betri nyingine. Keki imekatwa. Alisoma kwenye simu kama ilivyoandikwa.

"Mama wa bibi harusi!"

Kwenye meza ya heshima wakasimama wanawake wanne. Shangazi, mdogo wake shangazi, jirani mwenye kinu, na mmoja ambaye mpaka leo hakuna familia iliyokubali kuwa ni mtu wake. Shangazi alikuwa ameshafungua mdomo kidogo, tayari.

Mdogo wangu alisimama na kisahani chake, glavu nyeupe mpaka kwenye viwiko. Aliwatazama wale wanne. Halafu akaanza kutembea. Alipita mbele ya shangazi, akapita pembeni ya spika, akafuata ukuta na ile meza isiyoisha, gauni lake likikokota leso za karatasi, mpaka kwenye mlango wa jikoni. Mama alisimama. Na wale saba, bila kuitwa na mtu yeyote, wakasimama naye.

Kipande kilikuwa kidogo, kama kawaida ya keki za kupiga picha. Mdogo wangu alivua glavu moja, akakimega kwa vidole vipande vinane, akawalisha wote mmoja mmoja. Makombo yaliyobaki akaniingiza mimi mdomoni kwa nguvu. "Na weye, Yaya, acha kulia," alisema; kwetu yaya ni ndugu mkubwa. Nililia vizuri tu, sikuacha.

Shangazi alikuja baadaye, na sahani ya nyama. Alisimama mbele ya Mama, akasema, "Sukuma kidogo." Mama akasukuma. Saa kumi na moja meza ya kumi na nne ilikuwa na watu wasiohesabika, na mjomba alikuwa peke yake nyuma ya nguzo, analinda heshima.

Programu niliirekebisha Jumatatu. Ule mstari mmoja niliufuta, nikaandika ile kazi ndefu: jina, lete, watu, lete, hicho kingine, rudi nacho. Kopo la cheo nililiondoa kabisa. Niliweka meza kwenye mstari wa mwisho, baada ya mlango kufungwa, na mkia wa anwani nikaukata. Ni programu nzuri. Ndiyo iliyonipa kazi niliyonayo, maana ilipita harusi nyingi na hakuna aliyeweza kusogeza hata kiti kimoja.

Mwaka huu aliolewa binti wa mjomba. Komite, kwa heshima, ilimweka Mama meza ya kwanza. Siku mbili kabla ya harusi alinipigia simu.

"Link yako inanikatalia."

"Ndiyo, Mama. Nimefunga. Sasa ni salama."

"Sawa," alisema, kwa sauti ile ile ya sokoni, na mimi, mtaalamu wa milango, sikuisikia.

Siku ya harusi niliingia ukumbini nikiwa na furaha kwamba orodha yangu imesimama kama ukuta. Mama alifika, akaongozwa na protokoli mpaka mbele, akaonyeshwa kiti chake chenye utepe. Alishukuru. Akakinyanyua kile kiti, akakiweka kichwani kama beseni la kapenta, akaanza kutembea kuelekea kwenye mlango wa jikoni, walikokaa wenzake wa sokoni. Kijana wa protokoli alinigeukia na simu mkononi, anataka nimwambie afanye nini.

Nilibeba changu nikamfuata.